Uzi: Mapenzi yangu ya kuwinda yalianza miaka ambayo uwindaji ulikuwa umefungwa. Wewe ulianzia wapi?

Mwana wa Dago

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa habari za uwindaji humu, haipiti muda tunahamia kwenye risasi, darubini na bei ya leseni. Leo naomba tuongelee utoto. Wawindaji wa kweli niliokaa nao porini, karibu wote waliujua msitu kabla hawajaijua bunduki. Na wale waliokuja na bunduki kwanza, unawatambua asubuhi ya siku ya kwanza tu, kwa namna wanavyotembea.

Mimi ni mtu wa Tabora, upande wa kusini, kule miombo inakoshuka kuelekea mto Ugalla. Nimezaliwa katikati ya miaka ya 60. Wa rika langu watakumbuka kwamba mwaka 1973 serikali ilifunga uwindaji nchi nzima, na haukufunguliwa hadi 1978. Ina maana umri ule ambao mtoto wa kiume kwetu alianza kumfuata baba yake porini, mimi gobore nililijua likiwa limeviringishwa kwenye gunia, limelazwa darini. Mara mojamoja mzee alilishusha, akalipaka mafuta, akalirudisha. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu siku hiyo.

Aliyenipeleka porini ni mjomba, tena hakuwa anakwenda kuwinda. Alikuwa mrina asali. Kwetu watu wa asali hawaendi na kurudi siku moja. Wanapiga dago, yaani kambi, huko huko msituni, wanakaa wiki nzima na zaidi, wanakagua mizinga yao ya magome ya myombo iliyotundikwa juu ya miti. Shule ikifungwa, mimi ndiye niliyebeba kibuyu cha maji na kifurushi cha unga.

Sheria ya mjomba ya kwanza ilikuwa mdomo. Ukitoka dagoni, umefunga mdomo mpaka aseme yeye. Ya pili ilikuwa macho chini. Alikuwa anasimama ghafla, ananyoosha fimbo kwenye mchanga, hasemi neno. Nilitakiwa niseme mimi: nani huyu, anaelekea wapi, amepita saa ngapi, yuko peke yake au na mwenzake. Nikikosea hanipi jibu. Tunaufuata ule unyayo mpaka wenyewe uniambie.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwato za nsya, yule swala mdogo, ni ndogo na zimechongoka mbele, wakati za ngiri zina ncha za mviringo. Kwamba pofu, yule swala mkubwa, unaweza kumsikia kabla hujamwona, kwa sababu miguu yake inatoa mlio wa kukatika anapotembea, na kundi zima likipita karibu yako usiku unausikia wazi. Kwamba palahala, swala mwenye pembe ndefu, hupenda mahali palipoungua majuma machache nyuma, pakishaanza kuchipua majani mabichi. Kwamba buibui akishatandika utando juu ya kwato, huyo mnyama achana naye, yuko mbali.

Na majivu. Mjomba alikuwa na kifuko cha kitambaa chepesi, kimejaa majivu laini ya kuni za dagoni, yamechujwa. Kila baada ya mwendo anakitikisa mara moja mbele ya uso. Vumbi lile jeupe linaning'inia hewani, halafu linaanza kusogea, na wewe unajua upepo unakwenda wapi hata kama ngozi yako haisikii kitu. Nakumbuka nilikuwa natazama lile vumbi kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote porini. Ukilitazama vizuri unaona upepo unavyojikunja ukifika kwenye kichuguu, unavyoteremka bondeni asubuhi na kupanda jua likichomoza. Mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kinachokishinda kifuko kile.

Kijijini tulikuwa na manati zetu kama watoto wengine. Panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha ngozi ya kiatu kilichochakaa. Tulitega kwale kwa vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe. Tulichemsha utomvu tukapata ulimbo, tukapaka vijiti karibu na maji. Lakini hata huko sheria za mjomba zilitufuata. Ndege aliye kwenye kiota hapigwi. Ulichoua unakila, hata kama ni tetere mdogo wa kukosa shibe, asiyekula haui. Ndege wa asali haguswi kabisa, na ukirina asali aliyokuonyesha yeye, unamwachia sega lake. Mtoto aliyevunja haya hakuchapwa. Aliachwa nyumbani safari ijayo, na hiyo ilitosha.

Uwindaji ulipofunguliwa, baba akapata kibali chake. Safari ya kwanza walikwenda yeye na mjomba, mimi nyuma yao na maji. Tulikuta njia ya pofu pembezoni mwa mbuga, alfajiri. Baba hakumwuliza mjomba. Akageuka akaniuliza mimi: "Wamepita lini?" Nikainama. Nyasi kote zilikuwa nyeupe kwa umande, ila zile zilizopitwa zilikuwa zimepukutika, na udongo ndani ya kwato ulikuwa bado mbichi, kingo zake hazijaanza kumomonyoka. Nikamwambia wamepita baada ya umande kutua, kabla ya mwanga, na wanakwenda polepole maana wanakula. Baba akamtazama shemeji yake, mjomba akatingisha kichwa, tukafuata.

Sitasimulia tulichopata. Ninachotaka kusema ni kwamba furaha ya lile swali, ya mtu mzima kuniuliza mimi mtoto na kunisadiki, ndiyo imenishika hadi leo nimeshakuwa babu. Bunduki ilikuja baadaye sana, na haikuongeza mengi. Kama si ile miaka mitano ya kufungwa, huenda nami ningejifunza kulenga kabla ya kujifunza kutazama.

Sasa nawauliza wadau. Nani alikupeleka? Ulianza na nini? Na huyo mtoto wako wa leo, anayapata wapi haya?

---

Mtu wa Tunduru

Mzee, shikamoo. Umenigusa kwenye ndege wa asali. Mimi ni Myao, babu yangu alikuwa mtu wa msituni kama mjomba wako, na mimi nilianza kumfuata kwa ajili ya huyo ndege.

Kwetu anaitwa kwa mlio maalum: unatetemesha ulimi, "brrrr", halafu unamalizia kwa mguno mfupi, "hm". Nilikuwa nafanya mazoezi nikichunga mbuzi mpaka mama akachoka kunisikia. Ndege anakuja, ana rangi ya udongo tu, humthamini ukimwona, ila akiruka unaona manyoya meupe pembeni mwa mkia. Anapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, anaruka mti hadi mti, anakusubiri.

Niliposikia kwamba watafiti wameupima mlio huu sikushangaa, ila nilifurahi sana. Walifanya kazi na Wayao wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, matokeo yakatoka 2016. Ukiita kwa mlio wetu, uwezekano wa ndege kukuongoza unapanda kutoka kama asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine uliolinganisha na Wahadzabe wa Eyasi, ambao wao humwita kwa mluzi. Ndege wa Niassa anaitika zaidi mlio wa Wayao, wa Eyasi anaitika zaidi mluzi wa Wahadzabe. Yaani ndege naye anajifunza lugha ya watu wa kwao.

Kwa hiyo mzee, watoto wakiacha kumwita, sina hakika ndege ataendelea kutungoja. Hili linaniuma kuliko mambo ya bunduki.

---

Wa Makunduchi

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mna miombo, sisi Unguja kusini tuna maweni. Mawe makali ya matumbawe, vichaka vya miba, na mashimo ambayo mguu ukiingia unatoka na kovu. Msasi haogopi mwiba, wazee walisema, na kwetu neno hilo lina ushahidi kwenye miguu ya kila mzee.

Sisi tulikuwa tunasaka kwa kundi: nyavu, mbwa, na watu wa kuswaga. Watoto kazi yetu kuswaga. Wakubwa wanatega nyavu upande mmoja, sisi tunaingia upande wa pili na makelele, tunapiga vijiti kwenye mawe, mbwa mbele. Anayesakwa hasa ni nguruwe, kwa sababu anamaliza mihogo usiku mmoja. Haliwi, lakini lazima aondoke shambani. Wanaoliwa ni paa: paa chesi mdogo kabisa, na paa nunga mwekundu mwekundu.

Mama yangu alikuwa hataki habari ya mbwa ndani ya uwanja. Babu akamsomea aya ya nne ya Suratul Maida, kwamba kilichokamatwa na wanyama mliowafundisha kuwinda ni halali, mtaje jina la Mwenyezi Mungu. Tangu hapo mama akakubali nifuatane nao, ila nguo nibadilishe kabla ya kuingia ndani. Nikaona kumbe kusaka nako kuna adabu yake. Mbwa haachiwi bila bismillahi. Mbwa ambaye hajafundishwa, akila kabla ya mwenyewe kufika, nyama ile imeharibika.

Lakini niseme na la uchungu. Paa nunga huyu duniani anapatikana Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuwa maelfu hapa kwetu. Kufika mwisho wa miaka ya 90 wamebaki mamia. Misitu ilikatwa kuni na makaa, na wasasi walizidi. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilipotangazwa 2004, baadhi ya wasasi walinuna. Mimi sikununa. Nilikuwa nimeshapita maweni yaleyale niliyoswaga utotoni, siku nzima, bila kuona hata kinyesi cha nunga.

---

Bwana Nyama Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini. Nimefanya kazi idara ya wanyamapori maisha yangu yote, kwa hiyo mnivumilie nikisema wazi.

Wanyamapori wote wa Tanzania Bara ni mali ya umma, chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Ilikuwa hivyo katika Sheria Na. 12 ya 1974, na ndivyo ilivyo katika Sheria Na. 5 ya 2009. Mtego wa singa, ulimbo, tanzi, vyote hivyo leo bila kibali ni kosa. Kijana anayesoma uzi huu asije akatoka hapa akidhani kutega kwale ni mchezo wa kurithi.

Na nimeshuhudia mitego hiyo "ya kitoto" inavyokua. Anaanza na singa, anafika kwenye waya uliochunwa kwenye tairi. Waya hauchagui. Unatega ngiri, anaingia pundamilia mwenye mimba, anaingia simba, anaingia mtoto wa tembo anakatika mkonga. Wengine nimewakuta wameoza kwenye tanzi, mwenye mtego hata hajarudi kutazama. Sisi tuliokuwepo kabla ya Operesheni Uhai, ule msako wa majangili wa 1989, tunajua nchi ilifikia wapi. Selous peke yake, tembo waliokadiriwa kuzidi laki moja mwaka 1976 walikuwa wamebaki takriban elfu thelathini. Mzee Mwana wa Dago, nakuheshimu, lakini hujaogopa kwamba simulizi tamu kama hii inausafisha ujangili?

---

Mwana wa Dago

Mkuu Bwana Nyama, nashukuru umekuja, na sheria uliyoieleza ndivyo ilivyo. Sina ubishi hata kidogo. Ninachowinda nawinda kwa kibali, msimu ukifunguliwa.

Ila kwenye waya tutazame vizuri. Mjomba aliuchukia waya kuliko unavyoweza kudhani. Singa ya ng'ombe inamshika kwale tu. Nsya akiikanyaga inakatika anakwenda zake, na mtegaji analazimika kupita asubuhi na jioni maana mwewe atamwahi. Waya ni wa mtu asiyetaka kukaa porini. Anatega, anaondoka, anarudi akikumbuka. Hajui nani amepita, hajali. Tanzi za waya zilipojaa kwetu miaka ya 80, waliozileta hawakuwa wale tuliokaa nao dagoni. Walikuwa watu wa kutafuta nyama ya kuuza, wengi hawajui hata kusoma unyayo, na hawakuhitaji kuujua, kwani waya unakufanyia kazi yote.

Ndiyo maana nasisitiza utoto. Mtoto aliyelazimishwa kumfuata nsya mmoja tangu asubuhi mpaka jua la utosi ili tu ajue jibu la swali, huyo nsya anakuwa mtu anayemfahamu. Hawezi kumwacha aoze kwenye tanzi. Aliyekosa malezi hayo, hata ukimpa leseni halali na bunduki ya bei mbaya, mimi nitaogopa kutembea naye.

Na mapori yenyewe yamebadilika, hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, hakuna kuwinda humo. Nilipoisikia habari hiyo niliumia, sitaficha. Halafu nikakumbuka kwamba palahala hawatakuwepo kwenye maeneo ya jumuiya za wanavijiji, Ipole na Uyumbu, kama hawana mahali pa kuzaliana kwa amani. Basi nikaikubali.

---

Nzamba wa Kitui

Mzee, huku Kenya kulifungwa Mei 1977 na hakujafunguliwa tena. Nyinyi mlifungiwa miaka mitano, sisi tunakaribia nusu karne.

Babu yangu alikuwa mtu wa mshale. Sisi Wakamba tulianza na upinde mdogo tukichunga mbuzi, tunalenga mijusi na ndege, feya, yaani manati, mfukoni. Mshale wa sumu mtoto haugusi. Sumu ile ilipikwa mbali na nyumba, kuni na magome ya mti wake yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito, meusi kama lami. Ikishapakwa, chuma kinafungwa kwa ngozi nyembamba, ili jua lisiiharibu na mwenyewe asijichome, kwa maana inasimamisha moyo. Babu alinionyesha jinsi ya kufunga ile ngozi tu. Upishi wenyewe alikufa nao, na nafikiri alifanya makusudi.

Nilichobaki nacho ni macho. Leo niko kwenye kikosi cha kutoa tanzi pembeni mwa Tsavo. Nasoma njia za wanyama, nafikiri kama mtegaji, naukuta waya. Wenzangu waliokulia mjini wanapita juu yake. Kwa hiyo Bwana Nyama, mafunzo ya babu yanaweza pia kuwa upande wenu.

---

Bwana Nyama Mstaafu

Hilo nalikubali bila masharti. Askari bora niliowahi kuwa nao walikuwa watoto wa wawindaji. Mmoja aliweza kukwambia mjangili amebeba mzigo bega gani kwa kutazama kisigino. Chuoni hatukufundishwa hivyo.

---

Mama Kulwa, Sikonge

Mzee Mwana wa Dago, shikamoo. Mbona wote mnaongea kama porini hakukuwa na watoto wa kike? Mimi nilikuwa naokota uyoga na bibi mwanzo wa mvua, na bibi alisoma nyayo kuliko babu, maana yeye hakuwa na silaha. Alitakiwa ajue nyati yuko wapi kabla nyati hajamjua yeye.

Nina mapacha, wana miaka kumi, wa kike na wa kiume. Wote wamenisikia nikiwasomea uzi huu, wanataka porini. Sitaki wajifunze mtego wala manati. Nianzie wapi?

---

Mwana wa Dago

Marahaba mama. Umesema kweli kuhusu bibi, na naomba radhi kwa niaba ya sisi wanaume wote hapa. Shangazi zangu walikuwa hivyohivyo.

Anza nyuma ya nyumba. Fagia kipande cha mchanga jioni, uwache laini, mapema asubuhi waende wasome. Kuku, paka, mbwa wa jirani, panya, kicheche kama yupo. Waambie wakuandikie nani alipita wa kwanza na nani alikanyaga juu ya mwenzake. Usiwape jibu. Wakishaweza kuku na kanga, hamia kwenye mbuzi: mkubwa, mdogo, anayekimbia, anayechechemea. Mbuzi anayekimbia kwato zinafunguka mbele, nsya ni vivyo hivyo.

Kisha kifuko cha majivu. Kitambaa cha kanga kuukuu, majivu yachujwe kwa chujio la chai. Wazunguke nacho nyumba nzima asubuhi, mchana na jioni, wakuchoree mishale ya upepo kwenye karatasi.

Baada ya hapo ndipo porini, na msiende peke yenu. Kule Ipole jumuiya ina askari wake wa vijiji; ongea na ofisi yao, lipia kinachotakiwa, wawatembeze. Nendeni mwezi wa saba au wa nane, nyasi zikiwa zimeungua na ardhi iko wazi. Vaeni nguo zenye mikono mirefu, zisiwe za bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo. Mapacha watembee nyuma ya askari, midomo imefungwa, na yeye aambiwe mapema kwamba akiona unyayo asiseme ni wa nani. Aulize.

Wa Inyonga, Mpanda na Manyoni bado hamjasema kitu. Nawasubiri.